Baba Yako Hakufukuzwa

Kasulu, Jumatano mchana, Septemba 2015

Kezia mwanangu,

Umekwenda Kitahana tangu jana kumuaga bibi yako, unarudi jioni, na mimi nimebaki peke yangu na nyumba. Nimechana karatasi hizi katikati ya daftari langu la maandalio ya somo. Mambo ya chandarua, ya sabuni, ya namna ya kuishi na wenzako bwenini, sitayaandika. Mama yako mdogo yupo huko huko Korogwe unakokwenda kusoma, atakuelekeza, na mengine unayajua kuliko nilivyoyajua mimi katika umri wako.

Naandika kwa sababu ya ile fomu ya chuo cha uuguzi. Wiki tatu zilizopita uliniachia niitie kwenye bahasha, nikaisoma. Penye jina la baba umeandika vizuri: Nashoni Ntahena, marehemu. Penye kazi ya baba umeandika: "Mwanajeshi, aliachishwa." Herufi zako zimelala upande kama zake. Niliitia ndani, nikalamba gundi, nikaenda posta. Nikarudi nikapika maharage, tukala, ukaniambia chumvi imezidi.

Baba yako hakuachishwa, Kezia. Hakufukuzwa. Aliondoka jeshini kwa miguu yake, wakubwa zake wakimshika mkono. Cheti chake cha kustaafu kwa heshima kimo humu ndani ya barua, usome mwenyewe. Kilikuwa chini ya vitenge vyangu, ndani ya sanduku, miaka mitatu. Mimi ndiye niliyekiweka huko.

Nianze na mtu mwenyewe, maana nilikuharibia picha yake kabla hujaijua vizuri.

Tulikutana uwanjani. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya msingi kule kwetu Tanga. Mvua ilikuwa imekata barabara, helikopta ya jeshi ikaletwa na chanjo za watoto. Hakuna aliyetuarifu. Ilishuka kwenye uwanja wa mpira wakati nimewakalisha darasa la nne nje wakifanya mtihani. Karatasi zote zikapaa. Watoto wakatawanyika, wengine wanacheka, wengine wanalia, mimi nimeshika sketi yangu kwa mikono miwili. Mapanga ya juu yalipotulia akashuka mtu mfupi mwenye kifua kipana, akavua kofia yake ngumu, akaanza kuokota karatasi. Aliziokota hata zile zilizoingia kwenye mihogo ya watu. Akanikabidhi, akasema, "Samahani sana, mwalimu. Swali la mwisho wape wote alama za bure."

Nikamwambia, "Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote."

"Basi ndiyo vizuri. Wataniombea."

Alikuwa hivyo. Wenzake walimwogopa kwenye kazi kwa sababu hakuruka bila kukagua kila kitu kwa mkono wake, lakini nyumbani alicheza na wewe mpaka chakula kinapoa. Mungu alitupa wewe peke yako, na yeye alikubeba mgongoni kwa kanga yangu, akapita nawe katikati ya nyumba za maofisa, wanaume wanamcheka, naye anawapigia saluti. Sare zako za shule alizipiga pasi yeye. Hakuniachia. Alisema mimi nalaza marinda kama napanga kuni. Kabla hatujatoka kwenda popote alisimama mlangoni akataja kwa sauti, "Jiko?" na wewe unaitika, "Limezimwa!" "Maji?" "Yamefungwa!" "Mama?" Na wewe unapiga kelele, "Bado anajipaka mafuta!"

Najua hayo unayakumbuka. Naomba uyaweke karibu na haya ninayokuandikia sasa.

Masika ya mwaka 2012, ukiwa kidato cha pili, kulikuwa na mafuriko, na kikosi chao kilitumwa kuokoa watu waliozingirwa na maji. Siku ya tatu alikuwa amebeba watu kumi na mmoja, wamejaa mpaka mlangoni, mama mmoja ana mtoto mgongoni amekaa nyuma yake kabisa. Wakati anashuka kwenye kiwanja cha zahanati, upande mmoja wa macho yake ukaingia giza na vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Akamwambia rubani mwenzake, Kapteni Sefu, "Chukua wewe." Sefu akachukua, akaishusha salama. Abiria hawakujua kitu. Yule mama alimpa mkono akamshukuru. Baada ya muda mfupi macho yakarudi, vidole vikarudi, kama hakuna lililotokea.

Alirudi nyumbani siku mbili baadaye. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha mbao, hata viatu hajavua, akanisimulia yote.

Swali langu la kwanza, Kezia, halikuwa kama anaumwa. Nilimwuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Sefu."

"Sefu atasema?"

"Hatasema. Ananiambia ni uchovu, nilale."

"Basi na wewe lala. Usiseme."

Akanitazama. "Mama Kezia, kulikuwa na mtoto mgongoni mwa mama yake."

"Na wewe una mtoto wako! Ukienda kwa daktari wa jeshi hutaruka tena. Unajua hilo?"

"Najua."

"Nani alikuona? Niambie, nani alikuona?"

Akasema, "Mimi nilijiona."

Nilimwaga mchele. Sikukusudia, lakini niliupiga ungo kwa mkono ukamwagika wote. Nikamwambia akienda kuripoti asitegemee kwamba nitamfuata kwenda kulima maharage Kitahana. Nikamwambia amekuwa mwoga. Neno hilo nililitamka mimi, wa kwanza, jikoni kwetu, na yeye akainama akaanza kuokota mchele punje kwa punje kwenye sakafu. Asubuhi alivaa sare yake, akaenda kwa daktari.

Nataka uelewe nilikuwa nalinda nini, maana hata mimi nimechukua muda kukubali. Sikuwa nalinda chakula chetu. Tungekula. Nilikuwa nalinda jina. Katika nyumba za jeshi waliniita Mama Rubani. Nikienda saluni wananipisha. Dada zangu walipokuja kunitembelea na helikopta ikapita juu, niliinua kichwa taratibu kama mwenye mali. Mimi, mtoto wa karani wa mkonge, nilipenda hivyo kuliko nilivyoweza kukiri, na baba yako alipokwenda kwa daktari niliona amechukua kitu changu akakitoa bila kuniomba.

Madaktari walimkuta na shinikizo la damu la muda mrefu. Wakamsimamisha kuruka. Walimpa nafasi ya kukaa ofisini, akafikiri mwezi mzima, akasema akikaa dirishani kila siku anaona wenzake wanapaa atakuwa mtu mbaya. Akaomba kustaafu. Walimfanyia chakula cha kumuaga. Sefu alilia mbele ya watu. Mimi nilisema naumwa kichwa, sikwenda. Wewe ulikuwa shule, hukuwepo. Kwa hiyo hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeshuhudia baba yako akipigiwa saluti mara ya mwisho.

Nilimfuata, kama unavyojua. Niliomba uhamisho, nikapangiwa Kasulu, wewe ukapata nafasi ya bweni kule Kibondo, jirani na bibi yako. Yeye akawa mtu wa kwenda na kurudi, wiki moja hapa na wiki moja shambani Kitahana. Nilifika hapa na hasira. Baridi hii, udongo huu mwekundu unaoingia mpaka kwenye mikate, watu wanaongea Kiha sokoni mimi sielewi, naitikia tu. Yeye alifurahi kama mtoto. Alikuwa anaamka anasalimia kila anayepita, "Mwakeye! Mwakeye!", na kurudi na ndizi ambazo hakununua, kapewa.

Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo. Mwalimu mwenzangu wa Hisabati aliniuliza, "Mwalimu Agnes, shemeji tutamwona lini?" Nikasema yuko kozi nje ya nchi. Nilidhani nimemaliza. Lakini uongo ule ukawa unahitaji kulishwa. Wiki inayofuata wananiuliza ni nchi gani. Mwezi unaofuata wananiuliza anarudi lini.

Halafu siku moja ya mvua, mwaka 2013, tuko kwenye chumba cha walimu, mlango unabishwa, na baba yako amesimama pale na buti za mpira zenye tope, suruali imekunjwa, ameshika mwavuli wangu. Nilikuwa nimeusahau. Alitembea kutoka nyumbani kuniletea.

Walimu wote wakageuka. Yule wa Hisabati akasema, "Karibu, karibu baba. Mwalimu Agnes, mgeni wako?"

Nikasema, "Huyu ni shemeji yangu. Mdogo wake baba Kezia. Anakaa kijijini."

Kezia, nilimwona anasikia. Nilimwona usoni neno lile linaingia, linashuka. Ilichukua muda mfupi sana. Kisha akatabasamu, akaniinamia kidogo kama vijana wa huku wanavyowaheshimu wake za kaka zao, akasema, "Ndiyo, shemeji. Nimekuletea mwavuli. Kaka alisema usinyeshewe."

Akawaaga walimu wote kwa heshima, akaondoka. Mwavuli alikuwa nao mmoja tu, akauacha kwangu. Nilimtazama dirishani anavuka uwanja wa shule kwenye mvua hadi nikashindwa kumtofautisha na watu wengine barabarani.

Nyumbani hakulisema. Nilimkuta amewasha jiko, anakausha miguu. Nikasema, "Baba Kezia, kuhusu leo..." Akanikatisha, "Chai ipo kwenye chupa." Hakulisema mwezi ule wala mwaka ule. Mpaka anakufa hakulisema, na mimi nilishukuru kwamba hasemi, wakati nilitakiwa kusema mimi.

Sasa nakuja kwako.

Likizo ya Juni, mwaka huo huo, ulitukuta tunagombana. Nilipandisha sauti nikamwambia, "Wenzako wanapaa mpaka leo, wewe umebaki na jembe, umejitakia!" Ulikuwa koridoni. Baadaye ukanifuata uani, nafua, ukaniuliza, "Mama, baba alifukuzwa?"

Ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu, hapana, lingetosha. Lakini nilijua ukisikia hapana utauliza kwa nini basi aliacha, na nikikujibu utauliza na wewe mama ulimwambiaje. Kwa hiyo nilikamua nguo, nikasema, "Mambo ya jeshi hayaulizwi." Nikaona umeelewa unavyoelewa. Uliinama ukaondoka, na tangu siku ile ukawa unampa baba yako shikamoo ya mlangoni tu.

Unakumbuka Desemba ile shambani Kitahana? Tunapalilia maharage, helikopta ikapita ikielekea upande wa Kigoma. Majirani wakaita, "Rubani! Wenzako hao!" Baba yako akasimama, akakinga jua kwa kiganja, akaanza kueleza ni ya aina gani na kwa nini inaruka chini. Na wewe ukasema, bila kuinua kichwa, "Angekuwa mwenzao asingekuwa hapa na jembe."

Sikukukemea. Yeye akashusha mkono, akaendelea kupalilia mstari wake hadi mwisho.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa bibi yako, wewe umetangulia na ndoo, akaniambia, "Mama Kezia, mtoto anadhani nilifukuzwa."

"Atakua, ataelewa."

"Ataelewa nini, kama hakuna anayemwambia?"

"Si umwambie wewe!"

Akatembea kidogo. Akasema, "Nikimwambia nilijiripoti, ataniuliza mama alisemaje. Mimi siwezi kumdanganya, na sitaki ajue kutoka kwangu. Anza wewe. Ukishamwambia, mimi nitakuja nikae naye."

Ndivyo alivyonipa mlango, na hakunisukuma. Alikubali umdharau wewe, mtoto wake mmoja, kuliko mimi nidharauliwe na wewe. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na mtu huyo, namwona anazidi kukonda, na kila wiki najiambia wiki ijayo.

Siku ya wazazi kutembelea shule, mwanzoni mwa 2014, ulipiga kwa simu ya matroni. Yeye ndiye aliyepokea. Ukamwambia, "Baba, usije wewe. Aje mama." Alikuwa ameshapiga pasi shati. Alikuwa amekaanga karanga asubuhi ile, mwenyewe, akizipeta uani mpaka maganda yote yakaisha. Akazifunga kwenye mfuko, akanipa, akasema, "Nenda wewe. Mwambie baba yake ndiye amekaanga. Lakini ukiona atajisikia vibaya mbele ya wenzake, usimwambie." Nilikupa karanga zile. Ukaniuliza nimezinunua wapi, ni tamu. Nikasema sokoni.

Usijipige kwa ajili ya hayo. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na uliamini kile ambacho mama yako alikuacha uamini. Mzigo huo ni wangu. Najua hautaondoka kwako kwa kuwa nimeandika hivyo kwenye karatasi, ila nataka ujue nani aliufunga.

Imebaki sehemu ambayo nimeizunguka tangu nianze.

Nilikuambia kifo cha baba yako kilikuwa cha ghafla. Niliwaambia hivyo na waombolezaji waliotoka mbali. Haikuwa ghafla. Alianguka Jumanne asubuhi, hapa uani, akitengeneza uzio wa kuku. Majirani walinisaidia tukampeleka hospitali ya misheni Kabanga. Alilazwa siku tisa. Siku tisa, Kezia. Shule yako ilikuwa mwendo wa basi moja la asubuhi. Ungefika siku hiyo hiyo.

Siku mbili za kwanza hakuweza kusema. Wauguzi walinifundisha kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko kidogo. Siku ya tatu ulimi ulirudi kidogo, maneno yanatoka mazito, moja moja. Akasema, "Kezia." Nikamwambia una mitihani ya mock. Akapumzika. Akasema tena, "Mwite. Nitamwambia mwenyewe."

Nilijua ni nini. Alikuwa amechoka kunisubiri.

Nikasema, "Kesho."

Siku ya nne, kesho. Siku ya tano, kesho. Bibi yako alikuja kutoka Kitahana, akakaa chini kando ya kitanda, akaniuliza, "Mjukuu wangu yuko wapi?" Na hapa nilifanya jambo ambalo mkono wangu unakataa kuandika. Nilimwambia, "Nimempigia, mama. Amesema hawezi kuacha mtihani."

Nilikusingizia. Uliwahi kuniuliza kwa nini bibi yako tangu msiba hakukalishi tena karibu naye, kwa nini anakupa mkono kisha anauondoa haraka. Nikakujibu ni uzee na uchungu. Sababu ilikuwa uongo wangu ule. Bibi yako aliamini kwamba mjukuu wake aliitwa na baba yake anayekufa, akachagua karatasi za mtihani.

Siku ya sita nilimwuliza, maana hofu ilinizidi, "Utamwambia nini?"

Jasho lilikuwa linamtoka kwa kazi ya kutafuta maneno. Akasema, "Kwamba niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Yule mtoto. Mgongoni." Akapumzika. "Niliogopa kuua watu. Mwambie... baba aliogopa. Basi."

Nilisubiri aongeze na neno kuhusu mimi. Hakuongeza. Hakukusudia kunitaja kabisa. Nilikuwa nimemzuia mtu asimwone mtoto wake kwa ajili ya siri ambayo hakuwa na nia ya kuitoa, na hata baada ya kulijua hilo sikukuita siku ile, kwa sababu ningekuita ungeniuliza kwa nini sikukuita siku ya kwanza. Unaona jinsi nilivyokuwa? Kila siku niliyochelewa ilinipa sababu ya kuchelewa nyingine.

Siku ya tisa asubuhi pumzi ilibadilika. Nikatoka nje mbio nikampigia mkuu wako wa shule. Ulipanda gari saa tatu. Baba yako alifariki saa sita mchana, mkono wake ukiwa kwangu. Wewe ulifika jioni na sare ya shule, umeshika begi la vitabu, ukanikuta kwenye ngazi za wodi. Ukaniuliza, "Ameniulizia?" Nikakujibu, "Hakuwahi kuamka, mama."

Alikuulizia kila siku.

Hapo nimeacha kalamu nikaenda kunywa maji. Nimerudi.

Unakwenda kusomea uuguzi. Utakaa na wagonjwa wanaouliza fulani anakuja lini, na utawaona ndugu kama mimi, wanajibu kesho huku wanatazama ukutani. Sijui nikuambie ufanye nini. Labda upige simu wewe. Na siku moja, Mungu apishe mbali, utampa mtu dawa isiyo yake, hakuna atakayekuwa amekuona, na mwenzako mwema atakuambia nyamaza, ni uchovu, kalale. Siku hiyo hutahitaji ushauri wangu. Nilipokuwa na nafasi ya kushauri nilishauri vibaya. Utakuwa na baba yako, amekaa kwenye kiti kidogo cha mbao na viatu miguuni, anasema mimi nilijiona. Hicho ndicho kitu bora kilichowahi kutokea ndani ya nyumba yetu, na mimi nilikijibu kwa kumwaga mchele.

Jumamosi iliyopita nilikuambia nakwenda semina Kibondo. Nilikwenda Kitahana. Nilimkuta bibi yako anaanika muhogo, nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi la unga, nikamwambia yote: ya jikoni, ya mwavuli, ya siku tisa, na ya mtihani. Nilidhani atanipiga. Kuku wakaja wakala muhogo na hakuwafukuza.

Kisha akasema, "Kwa hiyo yule mtoto sikumtazama usoni mwaka mzima, na hana kosa."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu alikuwa anamwita."

"Ndiyo, mama."

Akalia, bila sauti. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa kiganja. Alipomaliza akajifuta kwa upande wa kitenge, akasema, "Mlete aje kuniaga. Nitampokea inavyostahili. Lakini sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, kabla hajapanda gari la kwenda chuo. Akipanda gari hajui, wewe usije hapa tena."

Ndiyo maana jana nilikuhimiza uende Kitahana. Kama bibi yako amekushika muda mrefu, kama amekulilia begani na hukuelewa, sasa umeelewa. Na shuleni, Ijumaa ya kabla yake, niliwaambia walimu, ambao hawakufika mazikoni Kitahana, kwamba yule mtu wa mwavuli alikuwa mume wangu. Mwalimu wa Hisabati alikusanya madaftari yake akatoka. Nimestahili.

Sikuombi unisamehe. Nisingependa ujibu haraka kwa sababu ya safari, au kwa sababu umenihurumia kwamba nabaki peke yangu. Baba yako alinisamehe bila kuombwa, kila siku, na mimi nilitumia msamaha wake kama ruhusa. Wewe usinipe kwa bei hiyo.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako uikute ukifika Korogwe, siku mbili au tatu mbali na uso wangu. Asubuhi nilikuwa nimeshachagua hata gauni la kuifungia. Ni kesho nyingine ile ile. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii, ukishanawa tu, na sitaondoka chumbani wakati unaisoma. Utasoma mbele yangu. Ukimaliza, ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kulala kwa jirani, nitakusindikiza. Ukitaka kesho kwenda stendi bila mimi, nitabaki. Lakini ukiniuliza kitu, chochote kile, hata kama ni kile kinachokutoka kwa hasira na hutaki kukisikia, nitakujibu hapo hapo.

Mimi mama yako,
Agnes